Kuchoka kila siku si kipimo cha mazoezi

Alfajiri katika barabara ya Raskazone, Tanga, utawaona vijana wakikimbia kwa kasi yao yote hadi wanainama kushika magoti, na kesho yake wakarudia yale yale, kwa imani kwamba asiyechoka hajafanya mazoezi. Imani hiyo si sahihi, na inawaumiza. Mwili hujengeka katika mapumziko yanayofuata mzigo wa mazoezi; tena moyo na misuli huzoea mapema kuliko kano, yaani nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa, ndiyo maana mwenye haraka huumia kisigino ilhali pumzi yake ingali nzuri.

Mpango wa muda mrefu huenda kwa awamu: miezi ya mbio ndefu za taratibu, ambazo mkimbiaji anaweza kuzungumza bila kuhema, kisha vilima, kisha kasi, na karibu na mashindano umbali hupunguzwa. Arthur Lydiard wa New Zealand alimfundisha hivyo Peter Snell, ambaye, ingawa alikuwa mkimbiaji wa mita 800, katika awamu ya msingi alifikisha takriban kilomita 160 kwa wiki. Snell alishinda dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960, na mbili Tokyo mwaka 1964. Kijana anayeanza asiige kilomita hizo, aige mpangilio.