Haya ya Hector

Kila mwaka nikifika kitabu cha 6 cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy, na wanafunzi wangu, tunakaa na mstari mmoja mpaka kipindi kinaisha. Hector, mwana wa mfalme wa Troy, ametoka vitani kwa muda mfupi na kukutana na mkewe karibu na lango. Andromache analia. Baba yake na kaka zake saba waliuawa na Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki; mama yake naye amekufa. Sasa Hector ndiye baba, ndiye mama, ndiye kaka, na ndiye mume. Tena hamwombi aache vita. Anamshauri kama mwanajeshi: panga watu penye ule mtini, ukuta unapandika pale, adui wameshajaribu mara tatu.

Hector anajibu kwamba anawaonea haya wanaume wa Troy na wanawake wao wenye mavazi ya kuburura.

Neno la Kigiriki ni aidos. Wanafunzi hukimbilia kusema “aibu”, nami huwarudisha kwenye “haya”. Aibu humpata mtu akishatenda. Haya humshika kabla hajatenda, kwa kuwa anayahisi macho ya wenzake. Sarpedon, kiongozi wa Lycia anayepigana upande wa Troy, analieleza hilo katika kitabu cha 12 anapomuuliza mwenzake Glaucus: kwa nini kwetu Lycia tunapewa viti vya heshima, nyama nono na vikombe vilivyojaa? Basi tusimame mbele. Heshima waliyokwisha kuila ni deni, na hulipwa vitani.

Katika kitabu cha 18, Polydamas, aliyezaliwa usiku mmoja na Hector, anashauri jeshi lirudi ndani ya kuta usiku uleule, maana Achilles, aliyekuwa amesusa vita, amerejea. Hector anakataa. Watu wanamshangilia, na mshairi anasema mungu wa kike Athena alikuwa amewapokonya akili. Kesho yake wanachinjwa ovyo.

Kisha kitabu cha 22. Hector yuko peke yake nje ya lango, wazazi wake wanamlilia kutoka ukutani, na mstari ule wa haya unarudi neno kwa neno. Safari hii umetanguliwa na ungamo: nimewaangamiza watu kwa atasthalia yangu, yaani ule ukaidi wa mtu aliyeonywa asisikie. Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, inaanza kwa kuwatupia neno hilohilo mabaharia waliokula ng'ombe wa mungu Jua. Hector anajitwika mwenyewe. Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, katika kitabu cha 19 alisema waziwazi kwamba kosa la kumdhulumu Achilles si lake bali la mungu mkuu Zeus, Majaliwa na Erinys, mungu wa kisasi, ingawa fidia alilipa. Hector angeweza kumtaja Athena. Hamtaji.

Kwa hilo nampenda kuliko mashujaa wote wa Homer, na kwa hilohilo nasikitika. Lango liko wazi nyuma yake na mji unamhitaji akiwa hai. Kinachomzuia kuingia ni haya ileile iliyomfanya shujaa: anaogopa asije mtu duni kuliko yeye akasema Hector alitegemea nguvu zake akawamaliza watu. Mawazoni mwake yumo Polydamas, yumo na mtu huyo asiye na jina. Mkewe, aliyemwonya mapema kuliko wote, hayumo.

Saa hiyo Andromache yuko ndani kabisa ya nyumba, anafuma. Amewaagiza wajakazi wainjike chungu kikubwa motoni, Hector akirudi akute maji ya moto ya kuoga.