Na, li, ta, me: jedwali linalotuangusha kwenye tensi za Kiingereza

Ticha wetu wa form one alichora jedwali ubaoni, kushoto na, li, ta, me, kulia Kiingereza chake, tukaambiwa tukariri, na tensi tukazikariri kweli kama tenzi. Wengi mpaka leo tunatembea nalo kichwani.

Dhana ya kwanza, eti kila "na" ni ing. Wapi! "Nafanya kazi benki" kwetu inabeba yote, kazi yako ya siku zote na unachofanya sahizi, Kiingereza kinatenganisha: "I work in a bank" ndo ajira yako, "I am working" ni sahizi hivi au kwa muda tu. Halafu vitenzi kama know na want kwa kawaida havitaki ing, so ukisema "I am knowing him" hapo linaongea jedwali.

Ila yenye balaa ni "me", watu wanajua me ni have, basi. Haya, mtoto amelala, unasema "the baby has slept"? Mwingereza ataelewa alishapata usingizi wake, kumbe we unamwomba apunguze sauti. Sema "the baby is asleep". Amevaa suti, "he is wearing a suit". Nimechoka, "I am tired". Me yetu mara nyingi inaeleza mtu yukoje sasa, sio alichofanya. Na mtaani tunasema "nimemwona jana" bila shida, lakini have haikai meza moja na jana, ni "I saw him yesterday".

Sasa geuza. "Naishi hapa tangu 2015", sisi tumeweka na, wenyewe ndo wanataka have: "I have lived here since 2015". Mi kwenye intavyu nilisema "I am working there since 2019", tena kwa sauti ya kujiamini, dada aliyekuwa ananihoji akainama akaandika kitu.

Kuhusu will, sio ta ya Kiingereza. Kitenzi chao chenyewe kinabadilika kwa wakati uliopo na uliopita tu, work, worked, kwa wakati ujao wanaazima: will, going to, hata wakati uliopo wenyewe, "the bus leaves at six tomorrow". Na past nayo sio lazima iwe jana, "if I had money" ni "ningekuwa na hela", yani huna, leo hii.

"Did you went" sitaki hata kuiongelea, did imeshabeba past, ni "did you go".

Kuna moja naipenda lakini. Mtu anainuka mezani, anaelekea mlangoni, anamwambia mgeni "I'm coming". Kichwani mwake ni "nakuja", yani narudi sasa hivi, "I'll be right back". Mgeni anamwangalia tu mtu anayekuja akiwa anaondoka.