Je, wajua kwa nini familia yenye kibali cha kuasili husubiri mtoto, ilhali watoto nao wanasubiri familia?

Hadi mwisho wa Septemba 2022, watoto wapatao 369,000 nchini Marekani walikuwa katika malezi ya kambo chini ya serikali, yaani wameondolewa kwa wazazi wao na wanalelewa kwa muda na watu wengine, na karibu 109,000 kati yao walihesabiwa kuwa wanasubiri kuasiliwa. Wakati huohuo kulikuwa na familia zilizokwisha kupata mafunzo, kupekuliwa rekodi za polisi, kutembelewa nyumbani na maofisa ustawi wa jamii na kupewa kibali, nazo zikakaa miezi mingi, pengine miaka, simu isilie. Inakuwaje pande mbili zinazohitajiana hivyo zisikutane?

Wengi hujibu kwamba ni urasimu. Urasimu upo, lakini jibu hilo limebeba dhana isiyo sahihi: kwamba kuna foleni, familia zimepangwa kwa tarehe za vibali, na mtoto akipatikana hupewa aliye mbele. Foleni ya namna hiyo haipo.

Tuanze na hiyo 109,000, maana ndiyo inayopotosha. Takwimu za serikali kuu humhesabu mtoto kuwa anasubiri ikiwa mpango wake ni kuasiliwa, au ikiwa haki za wazazi wake zimekwisha kusitishwa na mahakama. Neno muhimu hapo ni “au”. Wamo watoto ambao mpango wao umeandikwa kuwa ni kuasiliwa ingawa mahakama bado haijawatenganisha kisheria na wazazi. Hatua hiyo haifanywi kwa pupa, na haifai kufanywa kwa pupa: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1982 katika kesi ya Santosky dhidi ya Kramer, serikali lazima iwe na ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi kabla ya kumwondolea mzazi haki zake. Kisha mzazi anaweza kukata rufaa.

Wamo pia watoto ambao tayari wanalala katika nyumba watakamoasiliwa. Sehemu kubwa mno ya wanaoasiliwa kutoka malezi ya kambo huchukuliwa na walezi wao wa kambo au na ndugu zao wa damu. Wanahesabiwa kuwa wanasubiri, lakini wanachosubiri ni hati, si familia. Ukiwaondoa hao, wanaobaki wakitafutiwa watu wapya ni wachache kuliko takwimu inavyoonyesha, na wengi wao ni vijana wakubwa, ndugu wawili watatu wanaotakiwa kukaa pamoja, au watoto wenye ulemavu na mahitaji mazito ya matibabu. Familia nyingi zenye kibali zimeomba mtoto mdogo, mmoja. Hapo ndipo pande mbili zinapopishana, na mimi naona ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika habari hii.

Sasa tuje kwenye namna ya kuchagua. Fikiria nafasi ya kazi iliyotangazwa. Waombaji kumi wanaleta wasifu, wote wamehitimu. Kamati haimwajiri aliyekaa bila kazi muda mrefu zaidi. Inauliza kazi hii inataka nini na nani ataiweza. Tisa wanarudi nyumbani, na hawakurudi kwa sababu hawafai. Katika kuasili, mwenye nafasi ni mtoto. Ofisa wake huanza na faili la mtoto: anahitaji mzazi anayeshinda nyumbani? Ana dada anayepaswa kuendelea kumwona? Je, akiwa karibu na watoto wadogo atakuwa salama, nao watakuwa salama? Kisha anasoma ripoti za familia kadhaa, na mara nyingi kikao cha watu kadhaa ndicho huamua. Kibali maana yake ni kwamba umeruhusiwa kuomba. Mwombaji aliyesubiri miaka mitatu anaweza kupitwa na aliyepata kibali mwezi uliopita, kwa sababu yule anajua lugha ya alama na mtoto huyu ni kiziwi.

Taratibu hutofautiana jimbo hadi jimbo, hata kaunti hadi kaunti, hivyo maelezo haya ni ya jumla. Zipo hata hivyo sheria za nchi nzima. Sheria ya mwaka 1994, iliyokazwa mwaka 1996, inakataza kumchelewesha mtoto au kumnyima familia kwa sababu ya rangi. Kwa watoto wa makabila ya asili ya Marekani, sheria ya mwaka 1978 inawatanguliza ndugu wa ukoo, kisha watu wa kabila la mtoto. Mtoto akitokea jimbo jingine, majimbo yote mawili hayana budi kuridhia.

Familia isiyochaguliwa mara nyingi haielezwi sababu kwa kina, kwa kuwa sababu hizo ziko ndani ya faili la mtoto, nalo ni siri yake. Na iliyochaguliwa bado haijamaliza: huanza na matembezi mafupi, kisha mtoto huhamia, na katika majimbo mengi hupita takriban miezi 6 ya kutembelewa na maofisa kabla hakimu hajatia saini.