Je, wajua kwa nini Mwingereza husema "vinegar" na Mnorwei "eddik"?

Kiingereza na Kinorwei ni lugha ndugu, na jikoni undugu huo unaonekana mapema. Chumvi ni "salt" kwa wote wawili. Maziwa ni "milk" kwa mmoja na "melk" kwa mwingine, na kitu kichachu ni "sour" huku na "sur" kule. Lakini ukifika kwenye chupa ya siki, njia zinaachana: Mwingereza ana "vinegar", Mnorwei ana "eddik", na hakuna herufi za kuwapatanisha ila "e" na "i".

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba Waingereza walichukua neno la Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi yao mwaka 1066, ilhali Wanorwei walibaki na neno lao wenyewe, la tangu enzi za Waviking. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Sehemu ya pili ina sura ya ukweli, kwa sababu "edik" limo katika maandishi ya Kinorwei cha kale, na mlio wake hauna dalili yoyote ya ugeni. Hata hivyo ni neno la mkopo tangu mwanzo, nalo limetoka Kilatini: "acetum", yaani siki.

Anayeyatazama maneno hayo mawili kwa mara ya kwanza ana haki ya kutoamini. Katika "acetum" sauti ya k inatangulia na t inafuata. Katika "eddik" ni kinyume: d, iliyo jirani wa karibu sana wa t, iko mbele, na k iko mwisho.

Kilichotokea ni hivi. Warumi walitamka herufi c kama k, kwa hiyo neno lao lilikuwa a-ke-tum. Mahali fulani mpakani mwa dola yao, Warumi walipokuwa wakiwauzia watu wa kaskazini divai na siki, konsonanti mbili zilibadilishana nafasi na neno likawa a-te-kum. Fikiria abiria wawili wa daladala wanaopishana viti: gari ni lile lile, viti ni vile vile, nauli haibadiliki, ila aliyekuwa dirishani sasa yuko mlangoni. Irabu ni vile viti, nazo hazikusogea. K na t ndio abiria. Baada ya hapo mwisho wa Kilatini, "-um", ukadondoka kama ulivyodondoka katika mikopo mingine mingi, na kikabaki kitu kama "atek" au "etik".

Umbo "atecum" lenyewe halijaonekana katika andiko lolote. Wanaisimu wamelijenga upya kutokana na watoto wake, na huliwekea kinyota kuonyesha hivyo. Ila ushahidi wa watoto ni mzito, hasa wa Kijerumani. Kijerumani cha kusini kilikuwa na kanuni ya kugeuza t ya katikati kuwa ss: "water" ya Kiingereza ni "Wasser", na "eat" ni "essen". Siki kwa Kijerumani ni "Essig", zamani "ezzih". Ukiirudisha ss kwenye asili yake unapata t katikati ya neno, na ile h ya mwisho inarudi kuwa k, kwa kanuni ile ile iliyofanya "make" iwe "machen". Bila viti kupishana, t ingekuwa mwishoni, na Wajerumani leo wangekuwa na neno la umbo jingine kabisa.

Wajerumani wa nyanda za kaskazini hawakuifuata kanuni hiyo ya ss, hivyo kwao lilibaki "etik". Hilo ndilo lililovuka bahari kwenda kaskazini. Lugha ya wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya Wajerumani hao wa kaskazini, waliokuwa na makao makuu Lübeck na kituo kikubwa Bergen tangu karne ya 14, iliingiza mamia ya maneno ya soko na jikoni katika Skandinavia. Kiswidi kikapata "ättika", Kidenmark "eddike", Kinorwei "eddik". Wafini wakalipokea kutoka kwa Waswidi wakasema "etikka".

Na Waingereza? Hapa ndipo jibu la haraka linapoharibika zaidi, kwa sababu nao walikuwa na mkopo wa "acetum" kabla Mnormani hajakanyaga pwani yao. Neno lao lilikuwa "eced", lililotamkwa takriban "eched", na konsonanti zake ziko katika mpangilio wa Kilatini bila kupishana. Wagothi nao, watu wa kale wa ukoo wa Kijerumani, katika tafsiri ya Biblia ya karne ya 4, wana "akeit", vilevile kwa mpangilio wa asili. Mahali pazuri pa kulinganisha ni Yohana 19:29, pale Yesu anaponyweshwa siki msalabani: Kilatini kina "acetum", Kiingereza cha kale "eced", Kinorwei "eddik", Kiswahili "siki". Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 tayari ina "vinegar".

Kati ya "eced" na "vinegar" Waingereza walipitia mkopo mwingine tena, "eisel", nao kupitia Kifaransa na nao wa ukoo wa "acetum". Shakespeare bado analitumia katika Hamlet. Lugha moja, kitoweo kimoja, mikopo mitatu; pengine hakuna bidhaa ya jikoni waliyoihangaikia namna hii.

"Vinegar" yenyewe ni maneno mawili ya Kifaransa yaliyogandana: "vin", divai, na "aigre", kali. Hiyo "aigre" imetoka kwenye mzizi wa Kilatini "ac-", wenye maana ya ncha au makali, ambao ndio uliozaa "acetum". Msemaji wa Kiswahili halihitaji darasa hili, maana kwake kisu ni kikali na embe bichi ni kali. Kwa hiyo "-egar" ya Mwingereza na "eddik" ya Mnorwei ni binamu wa mbali. Tofauti yao ya kweli ni kwamba neno moja lina divai ndani yake na lingine halina.

Tofauti hiyo inawasumbua Waingereza hadi leo. Nchi yao ilikuwa ya bia kuliko divai, na siki yao ya kawaida, ile inayomwagiwa chipsi, hutokana na kimea. Zamani waliona kasoro hiyo wakaunda "alegar", kutoka "ale", aina ya bia, na mkia ule ule wa "-egar". Lilikuwa neno sahihi kabisa, likafa. Leo wanasema "malt vinegar", yaani divai kali ya kimea, na "wine vinegar", ambamo divai imetajwa mara mbili. Mnorwei hana tatizo hilo: "eddik" ni siki yoyote, akitaka ya divai anasema "vineddik", ya tufaha "epleeddik".

Waswidi wamefanya jambo la ajabu zaidi. Wameazima neno la Kifaransa pia, "vinäger", wakagawa kazi: "vinäger" ni siki iliyochachushwa kutoka divai au tufaha, na "ättika" ni asidi ya siki iliyopunguzwa kwa maji. Uingereza mchanganyiko wa namna hiyo, wenye rangi ya karameli, hauruhusiwi kuitwa "vinegar". Katika maduka ya chipsi huuzwa kwa jina la "non-brewed condiment", kiungo kisichochachushwa, jina ambalo hakuna mteja anayelitamka.

Anayepika kwa kufuata mapishi ya huko, au anayeishi Oslo na kutaka kutengeneza achari, asiamini jina pekee, atazame asilimia. Siki ya kawaida ya Kiingereza ina asidi 5%. "Eddik" ya kawaida ya Norwei ina 7%. Chupa ya "eddiksyre", yaani asidi ya siki, kwenye rafu hiyo hiyo ina 35%, na kamusi za mashine zikiigeuza kuwa siki tu zinampeleka mpishi pabaya, kwani hiyo huunguza ngozi na macho. Kupata siki ya 5% kutoka kwenye 7%, changanya mililita 500 za "eddik" na 200 za maji. Kutoka 35%, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ukimimina asidi ndani ya maji, dirisha likiwa wazi.

Kosa la pili linatokea kwenye fomyula maarufu ya Uswidi ya maji ya achari, 1-2-3: desilita 1 (mililita 100) ya siki, 2 za sukari, 3 za maji. Imepimwa kwa siki ya 12%. Ukitumia 7% kwa vipimo hivyo hivyo, unapoteza zaidi ya theluthi moja ya asidi. Ladha inakuwa ya sharubati na mboga haidumu. Kurekebisha, tumia desilita 1.7 za "eddik" na upunguze maji hadi 2.3. Ukiwa na ile ya 35%, mililita 34 zinatosha, na maji yapande hadi mililita 366. Kwa vyovyote, mtungi ukae kwenye friji. Wanaotaka kuhifadhi nje ya friji wafuate mapishi yaliyopimwa, ambayo pH yake, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, iko chini ya 4.6, kiwango ambacho juu yake bakteria wa botulinamu, wenye sumu ya kuua, wanaweza kukua.

Mtego wa mwisho ni kitenzi "sylte". Kinatokana na maji ya chumvi, na kina undugu na "souse" ya Kiingereza, kuloweka samaki kwenye siki. Ila Mnorwei hukitumia kwa siki na kwa sukari pia: "sylteagurk" ni tango la siki, na "syltetøy" ni jemu.