Singida si timu moja, jamani

Kila Jumatatu jioni tukifungua simu kwenye kipindi chetu cha michezo hapa Dodoma, hakosi msikilizaji wa kunikumbusha kwamba Singida ndiyo iliyoitibulia Yanga rekodi ya mechi 49 bila kupoteza. Juzi walikuwa watatu. Mmoja, mtu mzima wa Majengo, alitaka tuwekeane mbuzi.

Mzee wangu, mechi ile ilichezwa Mbarali, mkoani Mbeya, Novemba 2022. Ihefu, timu ya huko Mbarali wakati huo, 2, Yanga 1. Siku hiyo Singida ilikuwa na timu yake nyingine kabisa kwenye ligi hiyohiyo, ikiitwa Singida Big Stars.

Twende taratibu. Singida United ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikiwa na kocha Hans van der Pluijm, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam 2018 na kulala 3-2 kwa Mtibwa Sugar pale Arusha. Msimu wa 2019/20 ikashuka. Basi, faili hilo lifunge. Mwaka 2022 ikapanda timu nyingine, DTB, ikavaa jina la Singida Big Stars, na ikamwajiri nani? Pluijm huyohuyo! Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa moja kwa moja. Ikamaliza ya nne, mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 ikalivua jina la Singida, ikahamia Babati ikiwa Fountain Gate tu. Singida haikubaki bila timu, kwa sababu Ihefu ilikwishahama Mbarali kwenda Singida, na mwaka huohuo wa 2024 ikageuka Singida Black Stars.

Najua mzee atanibana hapo: kumbe klabu iliyoifunga Yanga ndiyo hii ya Singida leo! Sawa, kwa nasaba ya klabu nakupa. Lakini ukihesabu kwa nasaba, ile nafasi ya nne ya 2022/23 ni ya watu wa Babati, na fainali ya 2018 ni ya marehemu Singida United. Ukihesabu kwa mkoa, chukua hayo yote, ila ushindi wa Mbarali uwaachie Wambarali. Wapiga simu wangu wanataka vyote viwili, nami sitawapa. Ushauri wangu ni uleule wa miaka yote: usiulize timu inaitwaje, uliza nafasi yake ya Ligi Kuu imetoka wapi.

Mengine nayamaliza upesi. Dodoma Jiji, iliyopanda 2020 pamoja na hiyohiyo Ihefu na Gwambina, si timu ya kwanza ya Dodoma kucheza ligi ya juu. Polisi Dodoma ilikuwamo msimu wa 2011/12, ikashuka na Moro United na Villa Squad. Wazee wa Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma watakutajia pia timu za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na Waziri Mkuu, enzi ambazo mashirika na ofisi za umma zilikuwa na timu zake. Kwa hiyo, wale wanaoamini mpira ulikuja hapa kwenye maroli ya serikali baada ya tangazo la 2016 la kuhamia Dodoma, hapana. Walima Zabibu nalo ni jina la utani la Dodoma Jiji. Mwenye timu ni Halmashauri ya Jiji, si ushirika wa wakulima, na tafadhali msinipigie tena kuulizia bei ya miche.

Na anayesema Dodoma haijawahi kuleta kombe lolote la Afrika aulizie wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa Dodoma, waliochukua ubingwa wa soka wa shule za Afrika kule Durban mwaka 2023. Ya kuwasifu hao, simu sijapokea hata moja.