Vifungu vitatu vya mwaka 1943

Wanafunzi wa haki za binadamu hupenda kuanzia juu: Katiba, mikataba ya kimataifa, matamko ya Umoja wa Mataifa. Mimi ninayewafundisha huwaanzisha chini, kwenye kanuni za polisi na fomu za pensheni, kwa sababu huko ndiko jamii ndogo hunyimwa haki zake siku hadi siku. Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Juan de Dios Ramírez Heredia, Mroma (si mwenyeji wa jiji la Roma, bali mtu wa jamii ya Roma, ambao huitwa pia Wajipsi) wa kwanza kuwa mbunge nchini Hispania.

Alizaliwa mwaka 1942 Puerto Real, mkoa wa Cádiz, akasomea ualimu. Waroma, ambao Hispania huitwa gitano, wameishi huko tangu mwaka 1425. Mwaka 1749 serikali ya Mfalme Fernando VI iliwakamata kwa maelfu nchi nzima, wanaume wakatenganishwa na wanawake ili kizazi kikatike. Kwa hiyo Ramírez Heredia alipochaguliwa mwaka 1977, katika uchaguzi wa kwanza huru baada ya kifo cha dikteta Franco, alikuwa na mengi ya kulalamikia.

Alichagua jambo dogo sana. Kikosi cha Guardia Civil, kinacholinda vijiji na barabara kuu, kilikuwa bado kinafanya kazi kwa kanuni za mwaka 1943. Kifungu cha 4 kiliwaagiza askari wawachunguze gitano kwa makini: wakague nyaraka zao zote, walinganishe alama za miili yao, watazame mavazi yao, wajue wanaishi kwa kazi gani, wanasafiri kwenda wapi na kwa shughuli gani. Kifungu cha 5 kilieleza kwamba watu hawa kwa kawaida hawana makazi ya kudumu, hivyo habari zao zikusanywe ili wasiibe farasi au kitu kingine. Cha 6 kilimtaka gitano awe na leseni ya kuuza farasi, na kwa kila mnyama awe na cheti kinachotaja umri wake, asili yake na chapa yake. Asiye nacho akamatwe.

Soma kifungu cha 5 mara ya pili. Hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa lolote, ila wizi umeshachukuliwa kuwa ni tabia ya kabila zima. Askari wa doria hahitaji chuki yake binafsi kumwonea mtu. Anatii maandishi tu.

Juni 1978, rasimu ya Katiba mpya ikiwa bado inajadiliwa, Ramírez Heredia alisimama bungeni akataka vifungu hivyo viondolewe. Hoja yake ilikubaliwa, na mwaka huohuo vikafutwa. Kwangu mimi hotuba ile ina uzito kuliko nyingi zilizotolewa katika mjadala wa Katiba. Ibara ya 14, inayosema Wahispania wote ni sawa mbele ya sheria, ingepita kwa shangwe, huku askari barabarani akiendelea kukagua mavazi ya Mroma kwa amri ya mwaka 1943.

Alianza na chama cha mrengo wa kati cha UCD, baadaye akahamia wasoshalisti wa PSOE, na kuanzia 1986 hadi 1999 alikuwa Strasbourg na Brussels kama Mroma wa kwanza katika Bunge la Ulaya. Nitapita haraka hapo, kwani shauri linaloonyesha vizuri aina ya kazi aliyoipigania lilikuja baada ya ubunge, na jumuiya ya Waroma aliyoiongoza, Unión Romaní, ilijiunga nalo.

María Luisa Muñoz Díaz aliolewa kwa mila za Kiroma mwaka 1971. Mumewe alikuwa mwashi, na walijaliwa watoto sita. Mwaka 1983 serikali iliwapa kitabu cha familia, yaani hati rasmi inayoorodhesha wazazi na watoto wao. Mwaka 1986 ikawapa hadhi ya familia kubwa. Kwa zaidi ya miaka 19 mume alichangia hifadhi ya jamii, na kadi yake ilimtaja María Luisa kuwa mke wake. Alipofariki mwaka 2000, mjane akaenda kudai pensheni, akaambiwa hakuwahi kuolewa.

Nikimsimulia mtu kisa hiki sauti hunipanda hadi leo. Michango ilipokelewa, mke akaandikwa, kisha siku ya kulipa ndoa ikakanwa!

Tarehe 8 Desemba 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi na kuamuru alipwe euro 70,000. Ila hukumu isomwe kwa uangalifu. Mahakama haikusema kwamba Hispania lazima itambue harusi ya Kiroma. Ilisema mama huyu aliamini kwa nia njema kwamba ni mke halali, na serikali yenyewe ndiyo iliyomjengea imani hiyo kwa nyaraka zake. Ni msingi mwembamba, na wembamba wake ulionekana Januari 2021, pale Mahakama ya Katiba ya Hispania ilipomkatalia pensheni mjane mwingine wa Kiroma. Kitabu chake cha familia kilikuwa kimeandikwa kwamba yeye na mwenzake hawakuwa wameoana.