Je, wajua kwa nini mke na mume wanaokwenda kumtumikia Mungu melini hufundishwa kuzima moto?

Tuseme mume ni fundi umeme na mke ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wamesali, wameongea na mchungaji wao, wamekata shauri kutoa miaka miwili kwenye meli ya hospitali ya kimisheni. Ungedhani watafundishwa Biblia na mila za watu wanaokwenda kuwahudumia, basi. Hayo yamo. Lakini siku moja watajikuta wamevaa magwanda mazito ya zimamoto, mtungi wa hewa mgongoni, wakitambaa gizani ndani ya chumba cha chuma kilichojaa moshi. Siku nyingine wataambiwa waruke majini na nguo zao.

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Meli haina cheo kinachoitwa mmisionari. Ina abiria na ina mabaharia, na anayefanya kazi humo huandikwa upande wa mabaharia, awe daktari, mwalimu wa watoto, mpishi au kinyozi, na hata kama halipwi senti. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia wa mwaka 1978, uliorekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010, unasema kila baharia aliyepangiwa jukumu la usalama apate mafunzo ya msingi: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wake na wa wenzake kazini. Asiye na jukumu hilo hupewa maelekezo mafupi: ajue njia za kutokea, jaketi lake la kujiokolea liko wapi, na afanye nini king'ora kikilia. Kwa anayekuja kukaa miaka, mara nyingi kozi nzima inamhusu.

Meli zenyewe si nyingi. Shirika la Mercy Ships lilianzishwa mwaka 1978 na mke na mume, Don na Deyon Stephens, waliponunua meli kuukuu ya abiria ya Kiitaliano iliyoundwa mwaka 1953, wakaiita Anastasis na kuigeuza hospitali. Leo shirika hilo lina Africa Mercy, iliyokuwa kivuko cha kubebea treni huko Denmark kabla ya kuanza huduma mwaka 2007, na Global Mercy, iliyoundwa China tangu mwanzo iwe hospitali: urefu mita 174, vyumba vya upasuaji 6, vitanda vya wagonjwa karibu 200. Shirika jingine, Operation Mobilisation, lilianza na meli Logos mwaka 1970, na sasa linajulikana zaidi kwa Logos Hope, ambayo huzunguka bandarini na duka kubwa la vitabu ndani yake.

Turudi kwenye moto, maana hapo ndipo penye uzito.

Nyumba ikiungua mjini, watu hukimbilia nje na kusubiri gari la zimamoto. Baharini hakuna nje pa kukimbilia, na zimamoto ni wewe na uliyekula naye chai asubuhi. Halafu chuma kina tabia yake. Chumba cha meli kinachoungua ni sufuria jikoni: joto hupenya kuta, na rangi au godoro la chumba cha pili vikashika moto bila mwali wowote kuvuka. Kwa hiyo wanafunzi huambiwa wahesabu pande 6, yaani kuta 4, sakafu na dari, na watu wapelekwe kumwagia maji pande hizo kwa nje wakati wengine wanapambana ndani. Mlango haufunguliwi kabla ya kupimwa joto kwa mgongo wa kiganja. Anayetafuta mtu ndani ya moshi huenda kwa magoti, mkono mmoja hauachi ukuta, kwa sababu ukiuacha ukuta gizani umepotea, hata kama chumba ni kidogo kama choo.

Na maji nayo yana hatari yake. Tarehe 9 Februari 1942, bandarini New York, cheche za fundi wa kuchomelea ziliwasha shehena ya majaketi ya kujiokolea ndani ya meli kubwa ya Kifaransa, Normandie, iliyokuwa ikigeuzwa kubeba askari. (Ndiyo, majaketi ya kujiokolea.) Waliokuja kuzima walimwaga maji mengi kiasi kwamba moto ulidhibitiwa, lakini usiku ule ule meli ikalala ubavu palepale gatini. Maji yaliyonasa kwenye sitaha za juu hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuinamisha meli. Fundi umeme wetu anajua hatari ya maji kwenye umeme. Hapa anajifunza hatari ya maji kwenye meli yenyewe.

Kwenye meli ya hospitali mambo yanazidi kuwa magumu. Kuna mitungi na mabomba ya oksijeni, na kuna wagonjwa waliotoka kupasuliwa jana ambao hawawezi kupanda ngazi. Meli hizi hufanya upasuaji zikiwa zimefungwa gatini, na hukaa bandari moja karibu miezi 10. Mtu atauliza: sasa kama meli haiendi popote, hofu ya nini? Ni kwamba jenereta zinanguruma usiku na mchana, jiko linapika kwa mamia ya watu, na muuguzi mwenye zamu ya usiku ndiye atakayeamua nani abebwe kwanza.

Kuhusu maji, tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Kozi nzima ya kujiokoa ni kumfundisha mtu aache. Kabla ya kuruka, mkono mmoja unaziba pua na mdomo, mwingine unakandamiza jaketi kifuani lisije likapanda na kukupiga kidevu. Macho mbele, si chini. Ukishakuwa majini, magoti yanavutwa kifuani na mikono inakumbatia jaketi ili joto la mwili lisitoroke, au mnashikana kundi moja, watoto katikati. Kuna pia zoezi la boti ya mpira iliyofunguka kichwa chini: unapanda juu yake, unashika mkanda wa chini, unajitupa nyuma na uzito wako wote, nayo inageuka na kukuangukia. Hapo unatakiwa utoke chini yake kwa utulivu. Wengi huchukia zoezi hili kuliko yote, na siwalaumu.

Historia ya misheni katika maji yetu ina ushahidi wake. Chauncy Maples, Mwingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyefanya kazi miaka mingi Masasi na Newala, alifanywa askofu wa Likoma mwaka 1895. Mwezi Septemba mwaka huohuo boti yake ilipinduka kwenye dhoruba Ziwa Nyasa akafa maji, na wasimulizi wanasema kanzu yake ya kikasisi ndiyo iliyomvuta chini. Meli ya misheni iliyopewa jina lake ilishushwa ziwani mwaka 1901, ikiwa na zahanati na shule ndani.

Upande wa pili wa mizani ni Logos, ile meli ya kwanza ya Operation Mobilisation. Usiku wa tarehe 4 Januari 1988, ikitoka Ushuaia, Argentina, ilipanda miamba katika mlangobahari wa Beagle, kusini kabisa mwa Amerika. Kuna baridi kali kule. Ndani walikuwemo watu zaidi ya 130, karibu wote watu wa kujitolea na familia zao. Walisubiri saa kadhaa meli ikizidi kuinama, kisha nahodha akaamuru waiache. Wote waliokolewa, hakuna aliyekufa. Meli yenyewe ilibaki palepale mwambani. Wale walikuwa wauza vitabu na walimu, lakini kila mmoja alijua boti yake ni ipi.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote kwa mke na mume, na si la kimwili. Kila meli ina orodha ya dharura inayobandikwa ukutani: jina, kituo, kazi. King'ora kikilia milio saba mifupi na mmoja mrefu, kila mtu anakwenda kituo chake. Mume yuko kwenye kikosi cha zimamoto. Mke yuko wodini na machela. Mtoto wao, kama ni saa za shule, anapelekwa na mwalimu. Hakuna kutafutana. Mume anayeacha bomba la maji kwenda kuhakikisha mkewe yuko salama ameacha pengo ambalo linaweza kumuua mkewe huyohuyo, na anayehesabu watu atampoteza mtu mmoja kwenye hesabu na kutuma wenzake motoni kumtafuta. Kule kwenye chumba cha injini, gesi ya kuzimia moto haifunguliwi mpaka ijulikane hakuna mtu ndani, maana gesi hiyo inaua kama moto wenyewe. Hesabu ikikosea, kila kitu kinasimama.

Kanisani watu hawa wamefundishwa kwamba wawili ni mwili mmoja. Melini wanafunzwa kuachana kwa nusu saa bila kusita, na zoezi hilo hurudiwa angalau mara moja kila mwezi, hata ukiwa umetoka zamu ya usiku na hujalala.

Mafunzo mengine ni ya kukaa pamoja. Kwa miaka mingi waliokwenda kukaa muda mrefu na Mercy Ships walianzia makao makuu ya shirika huko Texas, Marekani, wakisoma juu ya nchi za Afrika wanazokwenda, kazi ya timu, na imani yao wenyewe. Ndoa hupimwa na vitu vidogo. Chumba ni kidogo, jirani anasikia mkigombana, na Africa Mercy ilizoeza watu kuoga kwa dakika mbili. Huenda mke akawa kiongozi wa wodi, mumewe akapangiwa kuosha vyombo mpaka nafasi ya ufundi ipatikane. Kwa wengi wetu hilo lingehitaji mafunzo marefu kuliko ya moto.

Ratiba nayo haina uhakika. Mwaka 2014 Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi, Africa Mercy ilielekezwa Madagascar. Machi 2020 korona ilipofika, iliondoka Dakar kwenda Tenerife, kisiwa cha Hispania, kabla ya muda wake. Yapo pia ya kinyume: daktari wa upasuaji Gary Parker alipanda Anastasis katika miaka ya 1980 kwa nia ya kukaa miezi michache, akampata mkewe Susan humohumo melini, wakalea watoto wao wawili huko, na huduma yake ikapita miaka 30.

Pesa ni suala linalowashangaza wengi. Watu hawa hawalipwi, na zaidi ya hapo, kwa miaka mingi wengi wao walilipia malazi na chakula chao wenyewe. Kwa hiyo miezi ya maandalizi ni miezi ya kutembelea makanisa, ndugu na marafiki kuomba wachangie, na kumaliza madeni kabla ya safari. Wanaolipwa mshahara ni wenyeji wa nchi ambako meli inatia nanga, wanaoajiriwa kama wakalimani na wasaidizi.

Kama kuna wawili wanaosoma hapa wakiwa Temeke au Likoni na wazo hili limewaingia, sehemu ya moto na maji haihitaji kupanda ndege. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kinafundisha kozi hizo za lazima kwa mabaharia, na Bandari Maritime Academy ya Mombasa pia. Nendeni na nguo za kubadilisha, na mkumbuke kwamba ujuzi wa moto na wa kujiokoa majini hutakiwa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka 5.